Beki na Wajibu wa Ulinzi: Kumbukumbu ya Jimmy Kirunda

Askari anayelinda Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, anaijua kweli moja ambayo watazamaji wa kandanda huisahau upesi: kazi ya ulinzi hupimwa kwa madhara yasiyotokea. Mfungaji hushangiliwa papo hapo. Beki aliyeokoa mara tano hurudi nyumbani kimya, lakini akikosea mara moja tu, jina lake hutajwa kila mahali. Kwa hiyo inafaa kuikumbuka historia ya Jimmy Kirunda, beki na nahodha wa timu ya taifa ya Uganda, aliyefariki dunia mwezi wa Mei 2020.

Kirunda alitokea katika zama ambazo kandanda ya Uganda ilibebwa na vyombo vya umma. Timu ya Magereza ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1968. Simba, timu ya jeshi, ilifika fainali ya Klabu Bingwa za Afrika mwaka 1972, ikashindwa na Hafia ya Guinea. Kirunda naye aliichezea KCC, timu ya Baraza la Jiji la Kampala, mabingwa wa 1976 na 1977.

Mwezi wa Machi 1978 aliiongoza Uganda katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ghana. Uganda iliishinda Kongo, ikafungwa na Tunisia, kisha ikaishinda Morocco. Katika nusu fainali iliitoa Nigeria kwa magoli 2 kwa 1. Katika fainali, Ghana ilishinda 2 kwa 0, magoli yote mawili yakifungwa na Opoku Afriyie.

Mwaka huo huo Kirunda, ingawa alikuwa beki, aliifungia KCC magoli 32 katika ligi. Hata hivyo ubingwa ulichukuliwa na Simba. Funzo lake ni wazi: ushujaa wa mtu mmoja, hata uwe mkubwa namna gani, hauwezi kuchukua nafasi ya kikosi kizima.

Ikumbukwe pia yaliyofuata. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita hivyo vilimwondoa madarakani mwezi wa Aprili 1979. Uganda haikurudi katika fainali za Afrika hadi 2017, yaani baada ya miaka 39. Hapana shaka sababu zilikuwa nyingi. Lakini kikosi hujengwa kwa miaka, na nchi isiyo na utulivu hushindwa kurithisha ilichojenga.

Wananchi wa Kasese hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Mwezi wa Novemba 1996 waasi wa ADF walivamia Mpondwe na Bwera, na jeshi likalazimika kupigana ili kuwarudisha nyuma. Mpira ni mchezo; mpaka si mchezo. Lakini nidhamu inayotakiwa ni moja: kushika nafasi yako, kumtazama mwenzako, na kutolegea kwa kuwa jana palikuwa shwari. Anayelinda vema huenda asipigiwe makofi. Sifa yake ni usingizi wa watu walio nyuma yake.