Kiko cha kibuyu, sigareti na kiko cha betri: historia ya chombo cha moshi Kabongo

KABONGO, Haut-Lomami. Mtu wa hapa akirudi kutoka Lubumbashi na sigareti ya umeme mfukoni, furaha yake inaweza kuwa ya siku chache tu. Kifaa kina betri, na betri inataka umeme. Vijijini mwa Kongo wenye umeme nyumbani ni wachache mno. Simu zenyewe zinachajiwa kwa paneli ndogo ya jua au kwa jirani mwenye jenereta, tena kwa malipo. Jioni ikifika, mtu anachagua: simu au moshi. Na kifaa kikianza kuvuja au kukataa kuwaka, fundi wa kukifungua haonekani. Kwa hiyo anayetaka kukibadilisha anauliza jambo moja: kipi kinadumu na kinakula umeme kidogo?

Betri ni ya juzi tu, lakini swali hilo ni la zamani. Nchi ya Waluba ilishalijibu kwa namna yake, na jibu lilikuwa kibuyu.

Tumbako haikuzaliwa Afrika. Ilitoka Amerika, Wareno wakaileta pwani ya magharibi, na kutoka Angola ikaingia bara mkono kwa mkono. Bangi ilikuja upande mwingine: ilitoka Asia, ikapita pwani ya Bahari ya Hindi, na jina lake lenyewe ni la Kihindi. Kadiri ilivyoelekea magharibi ikaitwa diamba au liamba, na watumwa waliopelekwa Brazil kutoka Angola walivuka bahari na jina hilo. Ufalme wa Waluba ulikaa katikati ya njia hizo mbili. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyetoka Bagamoyo akaenda kutokea Benguela, alifika Kilemba, mji wa mulopwe Kasongo Kalombo, mwaka 1874. Alimkuta huko Juma Merikani, mfanyabiashara wa kutoka pwani ya mashariki, na karibu yake José Antonio Alvez, aliyekuja na misafara ya Angola. Walifuata pembe za ndovu na watu wa kuuza. Moshi ulikuwa bidhaa ndogo ya pembeni, lakini njia zilikuwa zilezile za damu.

Mimea ilitoka nje, lakini chombo chake ni kazi ya Waafrika. Katika pango liitwalo Lalibela, Ethiopia, walichimbua vichwa viwili vya viko vya udongo vyenye mabaki ya bangi. Vinakadiriwa kuwa vya karne ya 14, kabla ya Mreno yeyote kuonekana upande huu. Huku Afrika ya kati chombo kilichoenea ni kiko cha maji cha kibuyu. Watu wa pwani walikuwa na jina kwa kila kipande chake, na Askofu Edward Steere aliyaandika Unguja katika karne ya 19. Kichwa cha kuwekea tumbako ni bori. Mti unaoshuka kutoka bori mpaka ndani ya maji ni digali. Chombo chenye maji ndicho kiko chenyewe, na mrija wa kupeleka moshi mdomoni ni shilamu. Hata mlio wa maji yakichemka kwa pumzi ulikuwa na jina lake: malio ya kiko. Lugha haipotezi maneno matano kwa kitu kisicho na thamani.

Kibuyu chenye shingo ndefu kinafupisha kazi, kwa sababu shingo yenyewe ndiyo mrija. Kinakaushwa, mbegu zinatolewa, ubavuni linatobolewa tundu, unaingizwa mti au tete lenye bori ya udongo juu, kisha maji kidogo. Mvutaji akivuta, moshi unapita majini na kupoa. Kitu kinachosumbua ni hewa: pale digali inapoingia pasipozibwa, mtu atavuta upepo mtupu. Panazibwa kwa nta au utomvu. Bori ikipasuka kwa moto, udongo uko mtoni. Digali ikiungua, tete liko kwenye bwawa. Kibuyu kikipata ufa kinashonwa, na kikishindikana kabisa kingine kinaning'inia juu ya paa. Hakuna kipande kinachotoka mbali zaidi ya mwendo wa asubuhi moja. Hapo ndipo nguvu ya chombo hicho ilipo: kinavunjika mara kwa mara, lakini hakimwachi mtu njiani. Wakubwa walikuwa na viko vya mbao vilivyochongwa umbo la binadamu, na baadhi ya viko vya Waluba vimo leo katika makumbusho ya Ulaya. Mtu wa kawaida alitosheka na kibuyu.

Magharibi ya hapa, Kasai, chombo hicho kiliingia hata katika utawala. Wajerumani Paul Pogge na Hermann Wissmann walipofika kwa Wena Lulua mwaka 1881, walimkuta chifu Kalamba Mukenge akiongoza watu waliojiita Bena Riamba, wana wa diamba. Walikuwa wamechoma hirizi za zamani, wakakusanyika kuzunguka kiko kikubwa cha kibuyu. Aliyevuta na mwenzake hakutakiwa kumpiga tena. Wissmann aliwasifu kwa amani yao, na sifa hiyo isomwe kwa tahadhari, kwa sababu Kalamba alikuwa rafiki yake na aliyemfaa katika safari.

Serikali ya Leopold haikupenda. Amri ya tarehe 1 Machi 1903 ililenga bangi ya kuvuta: kuilima, kuiuza na kuwa nayo. Kiko chenyewe kikaanza kutazamwa vibaya, hata mikononi mwa mzee aliyevuta tumbako tu.

Lakini kilichokiua kiko zaidi ya sheria ni sigareti. Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1928 njia ya kutoka Bukama kupitia Kamina ikafika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo. Kabongo ilisubiri hadi 1956, njia ya Kamina mpaka Kabalo ilipokamilika. Sigareti haina maji ya kumwagika wala bori ya kupasuka, na mfanyakazi wa reli au wa mgodi anaivuta amesimama, dakika tano, arudi kazini. Chombo kikaondoka kabisa. Mtu akabaki na gharama ya kila siku na kibiriti, na maarifa ya kutengeneza yakahamia kiwandani.

Sigareti ya umeme imerudisha chombo, na pamoja nacho shida za chombo. Hon Lik, mfamasia wa China, aliisajili mwaka 2003. Baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Ndani kuna betri, waya mdogo unaopata moto, na maji ya dawa yenye nikotini yanayogeuka mvuke. Hesabu yake si ngumu. Betri ya mAh 1,000 ina nguvu ya wati-saa 3.7. Kifaa cha wati 10 kitaimaliza kwa dakika 22 za kuvuta, yaani kama mivuto 440 ya sekunde tatu. Kifaa kikubwa cha wati 40, kile cha mawingu ya kujionyesha, kinaimaliza kwa dakika tano na nusu. Mwenye paneli moja ya jua ameshapata jibu hapo.

Kuhusu afya, nikotini inafunga mtu kwa chombo chochote kile. Maji ya kibuyu hupoza moshi, hayaondoi sumu yake. Asiyevuta hana sababu ya kuanza na betri.

Kuna jambo moja la kuchekesha, kama linachekesha. Betri nyingi za aina hii zina lithiamu na kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Kongo hii, upande wa Kolwezi, na Manono, mji unaotajwa sasa kwa lithiamu, uko kama kilomita 200 tu mashariki ya Kabongo. Hata hivyo kifaa kinarudi hapa kikiwa kimefungwa kiwandani, na kile cha kutupa hakifunguki kabisa. Anayelazimika kununua kingine atafute chenye wati chache, chenye waya unaobadilishwa na betri inayotoka, kisha amuulize muuzaji waleule wa Lubumbashi kama waya wa akiba wanao dukani au wanausubiri kutoka Dubai.