Kizingiti cha Juu: Historia na Kipimo Chake

Katika lugha yetu mlango una vizingiti viwili: cha chini, kikanyagwacho na kila apitaye, na cha juu, kilalacho juu ya miimo na kuuchukua ukuta. Hicho cha juu hakitazamwi mpaka kipinde. Kwa kuwa wengi wetu husimamia ujenzi wa madarasa na makanisa, twaona yafaa kueleza jinsi wanadamu walivyojifunza kukikadiria.

Waashi wa kale wa pwani walianza na nguvu ya mti, ndipo wakapanga nafasi. Boriti za mikoko hazikuvushwa zaidi ya mita 3 hivi. Kwa sababu hiyo misana ya nyumba za mawe za Lamu, zilizojengwa karne ya 18, ni mirefu lakini myembamba. Majahazi yalipozichukua boriti kutoka Lamu na midomo ya mto Rufiji hata Ghuba, kipimo hicho kilisafiri nazo, na vyumba vya zamani vya Kuwait vikawa vyembamba vivyo hivyo. Mahali pengine waashi waliacha mti wakajenga tao, kama waonavyo wazuruo magofu ya Gedi. Maana jiwe huvumilia kubanwa, wala halivumilii kuvutwa. Na tao hulibana tu. Lakini tao husukuma pande zote mbili, hivyo lataka ukuta mnene kandokando.

Yaliyojulikana kwa mazoea, Galileo aliyatafutia hesabu katika kitabu chake kilichopigwa chapa Leiden mwaka 1638. Alionyesha kwa nini ubao uliosimamishwa kwa ubavu wake mwembamba hushinda ubao uleule uliolazwa. Kiasi chenyewe cha nguvu alikikosea, lakini uwiano wake ni wa kweli: ukiongeza upana mara 2, nguvu huongezeka mara 2, ukiongeza kimo mara 2, nguvu huongezeka mara 4.

Hapa ndipo fundi asiyepima hudanganyika. Tuseme dirisha la mita 1 lapanuliwa liwe la mita 2, na mzigo juu yake umetandazwa sawasawa. Kizingiti kilekile sasa chaelemewa mara 4, na kupinda kwake ni mara 16. Ukikiongezea kimo mara 2, nguvu itatosha. Hata hivyo kitapinda mara 2 kuliko kile cha kwanza.

Tena mzigo wenyewe hauna budi kuchunguzwa. Ukuta mzima ulioungwa vema hujibeba kwa namna ya tao, na kizingiti hubakiwa na pembetatu ya mawe tu; bali boriti za dari zikikaa juu yake, hesabu ni nyingine kabisa. Kizingiti cha zege nacho chataka nondo upande wa chini, kwa kuwa huko ndiko kuvutwa kuliko. Nondo zikiwekwa juu peke yake, hazikifai kitu.

Kizingiti kilichozidiwa huonyesha ufa, mara nyingi katika pembe za dirisha. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu hauzibwi kwa lipu. Watoto waondolewe kwanza chini yake, dari itegemezwe, kisha kizingiti kipimwe upya.