Benzi ya Mlimani: Sehemu ya Kwanza

Msomaji wangu, kaa vizuri. Kama una mume anayeangalia picha za magari kwenye simu usiku wa manane, mwite, asikilize naye.

Kisa chetu kinaanzia Lutindi, juu milimani Usambara, wilaya ya Korogwe. Majina sitaji. Huyu tutamwita Mjomba, maana kijiji kizima humwita hivyo, hata wazee wanaomzidi umri.

Mjomba ana shamba la iliki. Ana miti ya mbao. Ana pikipiki ambayo ikianza kupanda mlima, mkewe huijua sauti yake na kubandika chai. Mtu wa namna hiyo anakosa nini tena?

Anakosa nyota yenye ncha tatu.

Usicheke kwanza. Unajua Lutindi inajulikana kwa nini? Kwa hospitali ya wagonjwa wa akili, iliyopo tangu 1904. Imewarudishia watu wengi afya zao, na wenyeji wanaiheshimu. Lakini shuka Korogwe mjini, useme unatoka Lutindi. Hakosekani mtu wa kukutazama mara mbili, halafu akuulize kwa upole wa uongo: "Umeruhusiwa lini?"

Mjomba ameulizwa hivyo tangu akiwa kijana. Sokoni, stendi, hata msibani. Kucheka amecheka. Kusahau, hakusahau.

Sasa binti yake anaolewa Desemba. Sendofu itafanyika Korogwe mjini, ukumbi umeshalipiwa. Na Mjomba, mbele ya kamati nzima, akaapa kwamba siku hiyo atashuka mlima ndani ya Benzi. "Nione nani ataniuliza nimeruhusiwa lini!"

Kamati ikapiga makofi. Mkewe hakupiga.

Kwa nini hakupiga? Subiri.

*

Gari lilipatikana kwa kijana mmoja wa Dar. Mjomba hakuwahi kumwona uso. Namba yake alipewa na mtu, aliyepewa na mtu, ambaye naye shemeji yake alishawahi kuagiza gari. Unaifahamu minyororo ya aina hiyo. Wewe mwenyewe unayo miwili mitatu kwenye simu yako.

Kijana ana adabu balaa. Kila ujumbe unaanza na "Shikamoo Mzee wangu". Akatuma picha: Mercedes-Benz S350 ya mwaka 2008, nyeusi, imepigwa rangi ikang'aa mpaka miti ya Japani inaonekana kwenye mlango. Viti vya ngozi. Usukani wa mbao na ngozi, kulia, kama inavyotakiwa. Namba imefunikwa kwa karatasi nyeupe, kama wanavyofanya wauzaji wengi.

Picha ya mbele, ipo. Ya ubavu huu, ipo. Ya ubavu ule, ipo. Ya matairi, ya viti, ya usukani, zote zipo.

Ya nyuma?

Haipo. Mjomba hakuuliza. Wewe ungeuliza? Haya, weka hilo pembeni, tutalihitaji.

Bei, pamoja na nauli ya meli na bima mpaka bandari ya Dar es Salaam: dola 5,800. Mjomba akapiga hesabu mara moja, akapiga tena, akamwita mkewe.

"Mama watoto, Benzi! Kwa bei ya bodaboda chache tu!"

Mkewe alikuwa anachambua iliki. Hakuinua kichwa. "Baba watoto, mbuzi wa elfu themanini unamfungua mdomo umhesabu meno. Hili umelifungua wapi?"

"Hili lina picha."

"Na mbuzi angekuwa na picha, ungemnunua?"

Mjomba akavaa koti, akawasha pikipiki.

*

Benki, Korogwe. Tuingie naye, lakini tusimame nyuma kidogo.

Dada wa dirishani anaisoma ankara. Anaisoma tena. Anamtazama mzee aliyeshika kofia mkononi.

"Baba, hapa juu ya ankara kuna jina la kampuni ya Japani."

"Ndiyo mwanangu."

"Ila akaunti uliyoniandikia ni ya mtu, na iko hapahapa Dar."

Unasikia moyo wa Mjomba unavyodunda? Mimi nausikia kutoka hapa nilipo.

Wauzaji wakubwa wa Japani wana utaratibu wao, na waagizaji wazoefu wanaujua: hela inatoka benki yako, inaingia kwenye akaunti ya kampuni yenyewe, jina la akaunti na jina la ankara likiwa lilelile. Likipishana hata kidogo, mzoefu hukunja karatasi zake na kurudi nyumbani.

Mjomba akapiga simu palepale.

"Shikamoo Mzee wangu! Hapo usiwe na wasiwasi. Mimi ndiye ninayewalipa Wajapani kwa mkupuo, magari mengi kwa pamoja. Ukituma mwenyewe, makato yatakula hela yako na gari litachukuliwa na Mzambia. Kuna Mzambia analitaka tangu asubuhi."

Ah, huyo Mzambia! Kila gari zuri lina Mzambia wake, na daima yuko hatua moja nyuma yako.

Dada wa dirishani akasubiri. Foleni ikaanza kukohoa.

"Tuma, mwanangu," Mjomba akasema.

Akatuma.

*

Siku zikapita. Je, kijana alipotea? Alizima simu?

Wala. Hapo ndipo unapokosea, msomaji. Matapeli wa kuzima simu ni wa zamani. Huyu alituma hati ya shehena: gari limepakiwa Yokohama, mpokeaji ni Mjomba mwenyewe, jina limeandikwa bila kosa hata la herufi moja, na namba ya chesisi ipo. Mjomba akaenda kuichapisha Korogwe, akaiweka kwenye plastiki. Jumapili ibada ilipoisha, hati ikazunguka uwanjani mkono kwa mkono.

Jioni hiyo akaja mpwa wake kutoka Korogwe mjini. Huyu ni fundi wa magari, tena wa haya ya Kijerumani, yanayofika gereji yakivutwa.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mpwa. Kaa. Leo utaona gari la ukoo."

Mpwa akatazama picha moja. Akauliza swali ambalo Mjomba hakulitegemea.

"Kodi umeitenga?"

"Si imo kwenye bei?"

Mpwa akaomba kalamu. Nenda naye taratibu, maana hapa ndipo mkewe Mjomba alipoacha kuchambua iliki.

Ushuru wa forodha, asilimia 25 ya dola 5,800: dola 1,450. Injini ya zaidi ya cc 2,000 ina ushuru wa bidhaa, asilimia 10 ya bei pamoja na ushuru wa forodha: dola 725. Gari limepita miaka 10 tangu litengenezwe, kwa hiyo kuna asilimia 30 nyingine ya uchakavu, juu ya kiasi hichohicho: dola 2,175. Juu ya hayo yote, VAT ya asilimia 18: dola 1,827.

"Jumla dola 6,177," mpwa akasema. "Hapo sijagusa tozo ndogondogo, wakala, wala usajili."

"Kodi inalizidi gari?"

"Inalizidi. Na hiyo ni kama TRA watakubali bei yako. Wana jedwali lao la thamani za magari ya mtumba, Mjomba. Wao wanatazama jedwali. Risiti yako ni ya kwako."

Sasa nikwambie kwa nini mkewe hakupiga makofi ile siku ya kamati. Fedha ya sendofu ya binti yao, yote, imo kwenye kikoba cha akina mama. Mweka hazina wa kikoba ni yeye. Alishajua, tangu makofi ya kwanza, Benzi itakuja kubisha mlango gani.

"Hiyo haiguswi," akasema, akaendelea na iliki.

Mjomba anapata wapi dola 6,177? Lakini subiri, hilo bado ni tatizo la mtu mwenye gari. Mpwa ameanza kukunja uso.

*

"Mjomba, karatasi ya mnada iko wapi?"

"Ya mnada gani?"

Magari mengi ya mtumba kule Japani hupita mnadani. Mkaguzi hulizunguka gari, huandika kila mkwaruzo, hulipa alama. Ukiona herufi R, ujue liligongwa likatengenezwa. Karatasi hiyo ndiyo mdomo wa gari, na muuzaji asiye na la kuficha huituma hata bila kuombwa.

Haikutumwa.

"Basi ngoja nitazame umri wa tairi," mpwa akasema. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka lilipotengenezwa. Tairi likiwa limeungua na jua miaka mingi, mlima wa Lutindi utalimaliza safari ya kwanza.

Akaivuta picha kwa vidole viwili. Ikakua. Akaivuta tena.

Akanyamaza.

"Vipi? Limezeeka?"

"Sijui, Mjomba. Sisomi."

"Miwani yangu hii hapa."

"Siyo macho." Mpwa akamgeuzia simu. "Maandishi ya tairi yamekaa kinyume."

Umeelewa? Soma tena. Herufi zote za tairi zilikuwa zimegeuka, kama unazitazama kwenye kioo. Picha imepinduliwa. Kwenye simu ni kazi ya kubonyeza mara moja.

Nyota ya Benzi ukiipindua inabaki ileile, haina kulia wala kushoto. Namba ilifunikwa kwa karatasi. Na nyuma, kwenye buti, ambako imeandikwa S350 kwa herufi za kung'aa...

Sasa unajua kwa nini picha ya nyuma haikuja.

Lakini apindue picha ya nini? Mpwa alijibu huku bado ameinamia simu. Japani wanaendesha kama sisi, usukani kulia. Ila kwa miaka mingi matajiri wao walipenda magari ya Ulaya yenye usukani kushoto, kama yalivyotoka kwao. Ilikuwa fahari. Magari hayo yakichakaa, wanunuzi wa usukani wa kulia huyakwepa, na bei huanguka.

"Kwa hiyo Benzi yangu ina usukani kushoto?" Mjomba akauliza. Sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili.

"Ya kwenye picha, ndiyo. Nipe ile hati."

Hati ikatolewa kwenye plastiki. Mpwa akaweka kidole kwenye namba ya chesisi.

"Benzi zinajisema zenyewe, Mjomba. Ukiacha zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani, hesabu mpaka nafasi ya kumi. Ukikuta 1, usukani kushoto. Ukikuta 2, kulia. Soma."

Mjomba akasoma, kidole kikitetemeka. "W. D. D." Mtengenezaji. "Mbili. Mbili. Moja." Umbo la gari. "Sifuri. Tano. Sita." S350.

Tisa hizo. Mkewe amesimama, iliki imemwagika.

Ya kumi?

"Mbili," Mjomba akasema. Kisha akaruka. "Mbili! Kulia! Gari liko sawa! Mama watoto, liko sawa!"

Mpwa hakuruka.

"Mjomba, keti. Picha ni za gari la usukani wa kushoto. Namba ni ya gari la usukani wa kulia." Akaviweka mezani, simu huku na hati kule. "Hayo ni magari mawili. Wewe umelipia lipi?"

Na hapohapo, kama ametumwa, kijana wa Dar akapiga.

Mpwa akabonyeza sauti ya nje.

"Shikamoo Mzee wangu! Habari njema! Hutaamini niko wapi. Nimekaa ndani ya Benzi yako hapa Dar, kiyoyozi kinapuliza. Nitumie tu hela ya kodi leo, kesho nakuletea mpaka mlangoni."

Mpwa akaichukua hati, akatazama tarehe. Meli ilipakia Yokohama wiki iliyopita. Safari ya Japani mpaka Dar ni ya wiki kadhaa baharini. Gari la kwenye hati, kama lipo, bado liko katikati ya maji.

Basi kijana amekaa ndani ya gari gani? La tatu?

Mjomba akaivuta simu karibu na mdomo. Wanaomfahamu wanasema hawakuwahi kumsikia akiongea kwa utulivu ule.

"Hongera, mwanangu. Hebu nyoosha mkono, ushike usukani. Umeushika? Sasa niambie, uko upande gani?"

Kijana akajibu papo hapo, bila kusita. Na jibu lenyewe lilimfanya mpwa anyakue ufunguo wa pikipiki, naye mkewe Mjomba, yule yule wa "haiguswi", akaingia chumbani na kutoka na daftari la kikoba.

Alijibu nini? Na daftari la nini usiku ule? Jumamosi ijayo tunashuka nao mlima gizani, tunapanda basi la alfajiri, tunaingia Dar kabla kijana hajamaliza kunywa chai. Wewe uliyetumiwa picha za gari wiki hii na hujalipa, niheshimu kwa jambo moja mpaka tukutane: mwandikie muuzaji sasa hivi, mwombe picha ya nyuma.