Mita janja ya umeme

Mita janja ya umeme ni kifaa kinachopima matumizi ya nyumba na kuyatuma kwa shirika la umeme bila msoma mita kufika mlangoni. Mjini Kisangani, jimbo la Tshopo, umeme husambazwa na SNEL, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1970, kutoka kituo cha mto Tshopo. Kwa SNEL, nyumba isiyo na mita hutozwa kiasi maalumu kwa mwezi, bila kujali matumizi halisi.

Faida: mteja hulipia alichotumia, na wizi wa umeme hugunduliwa mapema.

Hasara: gharama ya kufunga, kutegemea mtandao wa mawasiliano, na hatari ya kufichua siri za kaya.

Mita haizalishi umeme. Mitambo ikizidiwa, mgao hubaki palepale.