Wakimbizi wa 1972: Shamba na Kibali

Uasi uliozuka kusini mwa Burundi mwishoni mwa Aprili 1972 ulipojibiwa na serikali ya nchi ile kwa kuwaandama Wahutu na kuwaua, hususan walimu, wanafunzi na kila aliyedhaniwa kuwa na elimu, makumi ya maelfu ya watu walivuka kuingia Kigoma, Tanzania, wakiwa hawana walichokiokoa ila roho zao. Mkataba ambao Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliupitisha Addis Ababa mwaka 1969 ulikuwa umekwisha kutamka kwamba kumpa mtu hifadhi si uadui kwa nchi aliyoikimbia. Lakini uliagiza vilevile kwamba wakimbizi wakalishwe mbali kiasi na mpaka. Basi wakapelekwa katika nyika ya miombo, wakafunguliwa makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora mwaka ule ule, ya Katumba karibu na Mpanda mwaka 1973, na mwaka 1978, Ulyankulu ilipokuwa imefurika watu kupita kadiri ya maji yake, ya Mishamo.

Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likatafuta fedha, na Walutheri, kwa mkono wa shirika lao la kuwahudumia wakimbizi, TCRS, wakaisimamia kazi yenyewe. Kila kaya ilikatiwa shamba, ikapewa zana na mbegu, na posho ya chakula hadi mavuno. Ihsani hii haina wa kuikana, na Mwalimu Nyerere aliistahiki medali ya Nansen aliyotunukiwa mwaka 1983.

Hata hivyo, sheria ya wakimbizi ya 1965, ambayo jina lake lenyewe lilitaja udhibiti, ilimruhusu waziri kuamrisha mkimbizi akae wapi. Na mkulima wa Mishamo, ambaye tumbaku yake ilisafiri ikauzwa bila kuulizwa asili yake, yeye mwenyewe hakutoka makazini ila kwa kibali. Naona ukarimu na ulinzi vilikuwa amri moja. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta watu wa Mishamo wakisimuliana tarehe ya taifa lao lililo uhamishoni, ilhali wenzao waliojipenyeza mjini Kigoma, wakichuma na kuoana na wenyeji, aghalabu hawakutaka hata kuitwa wakimbizi.

Mwaka 2007 serikali iliwapa hiari ya kurejea Burundi au kuomba uraia, na wengi wakachagua uraia. Watu takriban 162,000 wakakubaliwa kufikia mwaka 2010. Kumbe palikuwa na sharti: raia hao wapya wayaache makazi, watawanywe mikoa mingine, yaani waondoke katika mashamba ambayo kwa miongo mitatu walikuwa wamezuiwa kuyatoka. Vyeti vya uraia vikakawia. Mpango wa kuwahamisha ulipoachwa ndipo vilipoanza kutolewa, mwezi wa Oktoba 2014, na wengi wa waliovipokea walikuwa wamezaliwa Tanzania.