Dell OptiPlex 7050 au 7060: Ipi Inafaa kwa Ofisi ya Biashara?

Kompyuta za mezani zilizotumika katika maofisi ya Ulaya na Marekani ni tegemeo la wafanyabiashara wengi, mawakala wa forodha na wasafirishaji wa Afrika Mashariki. Makampuni makubwa hubadilisha vifaa kila baada ya miaka michache, na kompyuta zinazoondolewa huuzwa kwa jumla zikiwa bado nzima.

Aina mbili zinazoweza kukutwa kwenye rafu moja ni Dell OptiPlex 7050, iliyotoka mwaka 2017, na OptiPlex 7060, iliyotoka mwaka 2018. Kwa sura zinafanana, na 7050 huwa na bei ya chini. Mnunuzi asiyejua tofauti huchukua ya bei nafuu. Uamuzi huo unaweza kumgharimu, kwa sababu kompyuta ya ofisi ndiyo inayotunza madeni ya wateja, ankara, hesabu za mafuta na hati za mizigo.

Tofauti kubwa: kizazi cha prosesa

OptiPlex 7050 hutumia prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7. OptiPlex 7060 hutumia za kizazi cha 8. Njia rahisi ya kutambua ni kusoma jina la prosesa: katika i5-7500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 7, yaani kizazi cha 7, katika i5-8500 ni 8.

Prosesa ya i5-7500 ina kori 4, na i5-8500 ina kori 6. Kwa kuandika barua, kutuma barua pepe na kujaza majedwali, mtumiaji hataona tofauti kubwa. Ataiona pale anapofungua programu ya uhasibu, kurasa nyingi za intaneti na mfumo wa forodha kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kasi siyo sababu kuu ya kuchagua.

Windows ndiyo inayoamua

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa prosesa za Intel, inakubali rasmi kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7 ambazo hazimo katika 7050. Kwa hiyo 7060 inapokea Windows 11 kihalali, na 7050 haipokei.

Wauzaji wengine huweka Windows 11 kwenye 7050 kwa njia ya mkato. Kompyuta itawaka na kuonekana ya kisasa, lakini Microsoft haitoi dhamana kwamba itaendelea kupata masahihisho ya usalama. Kwa ofisi inayolipa kodi na kufanya miamala ya benki kwa intaneti, huo ni mlango usio na komeo.

Kampuni inayotaka kubaki na Windows 10 inaweza kununua huduma ya ziada ya usalama. Bei iliyotangazwa kwa biashara ni dola 61 za Marekani kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka: 122 mwaka wa pili na 244 mwaka wa tatu. Huduma hiyo inafikia kikomo Oktoba 2028. Tuseme 7060 inauzwa dola 50 zaidi ya 7050. Malipo ya mwaka wa kwanza peke yake yanameza nafuu yote iliyopatikana dukani.

Njia nyingine ni kuweka Linux. Ubuntu 24.04, kwa mfano, ni ya bure na ina huduma ya kawaida hadi mwaka 2029. Lakini kwanza ihakikishwe kwamba programu ya uhasibu, printa na kifaa cha risiti za kodi vinafanya kazi nayo. Vilevile wakala wa forodha ajaribu mfumo anaoutumia, uwe TANCIS ya Tanzania, iCMS ya Kenya au ASYCUDA World ya Uganda, kabla ya kuhamisha kazi zote.

Yanayofanana na yasiyofanana

Kompyuta zote mbili, kwa umbo la mnara na umbo dogo la kati, zina nafasi 4 za RAM ya DDR4 pamoja na nafasi ya diski ya M.2. RAM ya GB 8 inatosha kuanzia, na GB 16 ni bora. Diski ya SSD ni ya lazima. Kompyuta yenye diski ya zamani inayozunguka itakuwa nzito hata ikiwa na prosesa nzuri.

Sehemu za kuchomeka ziangaliwe kwa makini. 7050 ina DisplayPort mbili na HDMI moja. 7060 ina DisplayPort mbili, na ya tatu hutegemea jinsi ilivyoagizwa. Mwenye monita ya zamani ya VGA anaweza kuhitaji kigeuzi. Mwenye mzani wa mizigo au printa inayotumia waya wa siriali ahakikishe sehemu hiyo ipo nyuma ya kompyuta.

Pawasaplai za kompyuta hizi siyo za kawaida za madukani. Ikiungua, inatakiwa ya Dell inayolingana na aina hiyo. Kwa sababu hiyo, UPS inunuliwe siku hiyo hiyo, hasa kwa ofisi za mipakani ambako umeme hukatika mara kwa mara.

Ukaguzi kabla ya kulipa

1. Iwashwe na kubonyezwa F2. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, iachwe.

2. Katika sehemu ya usalama, itazamwe Computrace au Absolute. Ikiwa imewezeshwa, kampuni ya awali inaweza kuwa bado na uwezo wa kuifuatilia au kuifunga.

3. Windows iwekwe upya huku kompyuta ikiwa kwenye intaneti. Ikionyesha jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazi, haijaondolewa kwenye orodha ya mwenye nayo wa kwanza.

4. Ibonyezwe F12 wakati wa kuwaka na kuchaguliwa Diagnostics. Kipimo hicho cha Dell hukagua RAM, diski na feni.

5. Namba ya Service Tag, yenye herufi na tarakimu 7, iingizwe kwenye tovuti ya Dell. Itaonyesha aina halisi ya kompyuta. Kuna wanaobadilisha kava la nje.

6. Izimwe, ichomolewe kwenye umeme kwa dakika chache, kisha iwashwe. Tarehe ikirudi nyuma, betri ndogo ya CR2032 imekwisha. Ni ya bei ndogo, lakini tarehe mbaya huharibu ankara na kuzuia tovuti salama zisifunguke.

Kwa wanaonunua ng'ambo ya mpaka

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kompyuta za mtumba kutoka ng'ambo hazimo, hata kama zimenunuliwa kwenye nchi jirani. Mnunuzi abebe ankara yenye namba ya kila kompyuta na kuuliza forodha kuhusu kodi na vibali kabla ya kupakia. Kwa ushuru, kompyuta huwekwa chini ya kifungu 8471.

Kompyuta mbovu zisichanganywe na nzima kwenye mzigo mmoja. Tangu tarehe 1 Januari 2025, masharti ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za elektroniki zipate ridhaa ya nchi inayozipokea kabla ya kuvushwa. Kompyuta isiyowaka inaweza kuhesabiwa kuwa taka na kuzuia mzigo mzima.

Uamuzi

Kwa mashine itakayoshika fedha, kodi na hati za forodha, OptiPlex 7060 ndiyo ya kununua, hata kama inamlazimu mnunuzi kusubiri mwezi mmoja ili aongeze fedha. OptiPlex 7050 inafaa ikiwa itatumia Linux, au itafanya kazi isiyohitaji intaneti, kama kuchapisha hati za kupokelea mizigo ghalani.

Lakini 7060 iliyofungwa na kampuni ya awali haifai kwa bei yoyote. Kati ya hiyo na 7050 safi yenye matumizi yanayojulikana, bora 7050. Na yoyote itakayonunuliwa, nakala ya hesabu na hati iwekwe kwenye diski ya nje kila jioni, kwani kompyuta ikiibwa au kuungua hununuliwa nyingine, lakini daftari la madeni halinunuliki.