Utupa Nyuma ya Jiko

Nyuma ya jiko la bibi yangu, kule Mishamo, palikuwa na kichaka chenye maua meupe mithili ya vipepeo. Nilikatazwa kukichezea kabla sijajua kusoma. "Huo ni utupa, mjukuu wangu. Ukiushika, kanawe kabla hujala. Samaki wakiuonja wanaelea."

Wataalamu wanauita Tephrosia vogelii, kwa jina la Theodor Vogel, Mjerumani aliyefariki mwaka 1841 katika safari ya utafiti ya mto Niger. Majani yake yana rotenoni, sumu inayozuia seli kutumia oksijeni. Yakitwangwa na kumwagwa kwenye dimbwi, samaki huibuka hoi, wakubwa kwa wadogo, ndiyo maana sheria zetu zinakataza uvuvi wa sumu. Lakini bibi hakuwa mvuvi. Aliyakausha, akayasaga, akachanganya unga wake na maharage ya mbegu ili wadudu wasiyatoboe.

Maharage ya mbegu! Hayo ndiyo ninayoyakumbuka kila nisomapo historia ya makazi yetu. Maandiko huanza na mauaji ya Burundi ya 1972, yakaruka hadi 1978, Mishamo ilipofunguliwa katikati ya miombo, kisha yakahesabu: vijiji 16, hekta 5 kwa kila familia. Liisa Malkki, aliyefanya utafiti hapo miaka ya 1985 na 1986, aliwasikia wakimbizi wakiisimulia Burundi kama kwao, na Mishamo kama uhamisho. Simbishii. Bibi naye alisema "tukirudi" mpaka mvi zikamjaa. Ila huku akisema hivyo, alikuwa akitunza mbegu za msimu ujao, na kuotesha utupa mpya kila wa zamani ulipochoka, maana hauishi miaka mingi.

Mwaka 2010 serikali iliridhia uraia kwa watu wapatao 162,000, wakimbizi wa 1972 na vizazi vyao, lakini kwa mpango wa kuwahamishia mikoa mingine. Vyeti vilianza kugawiwa 2014, na watu wakabaki walipo. Katikati ya miaka hiyo kichaka cha bibi kilikauka, kikakaa vijiti vitupu. Mimi, mtoto, nilidhani amesahau. Nikamuuliza.

"Nipande," akasema, "nimwachie nani?"

Likizo iliyopita nilikuta miche mitatu nyuma ya jiko, na bibi kibarazani akiwafokea watoto wa jirani wasiisogelee.